Mipako ya Kuzuia Kutu kwa Chesisi ya Lori Dar es Salaam: Niliyoijaribu na Ninayoitumia Sasa

Lori lilikuwa limepandishwa kwenye stendi katika gereji moja ya Ilala ili libadilishwe bushi za springi za nyuma. Fundi, ambaye sikuwa nimemuuliza lolote kuhusu kutu, alichukua bisibisi pana akaigonga chesisi karibu na mahali springi inapofungwa. Rangi nyeusi iliyokuwa pale ilikuwa nzito, laini na yenye kung'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Bisibisi ilizama. Alipoizungusha, kipande cha rangi chenye ukubwa wa kiganja kilibanduka chote kwa pamoja, na nyuma yake yakadondoka magamba ya kutu yaliyopangana kama kurasa za daftari lililolowa, yakifuatiwa na maji kidogo ya rangi ya chai. Ilikuwa mwezi wa Septemba na mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa. Maji yale yalikuwa yametunzwa humo na kitu nilichokilipia ili kiyazuie yasiingie.

"Bosi, hili ni blanketi, siyo koti la mvua," alisema fundi, akaendelea na bushi zake.

Tangu siku hiyo nimetumia karibu miaka miwili kujaribu mipako mbalimbali kwenye vipande vya chuma na kwenye lori lenyewe. Haya ni maoni ya mwenye lori, si ya muuza rangi wala ya mhandisi, na hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike kuitafuta mwishoni: kwa sehemu za wazi za chesisi natumia epoksi nzito, rangi ngumu inayochanganywa kutoka vikopo viwili, ya kijivu kilichokolea kidogo tu, na kwa maungio, mikunjo na matundu natumia nta inayopenya, ambayo huirudia kila mwaka kabla ya masika. Kipimo changu kikuu, ambacho sikukikuta kimeandikwa kwenye kopo lolote, ni kwamba mpako unaofaa ni ule unaokuonyesha kutu inapoanza, na mpako wa hatari ni ule unaoificha.

Lori ninalolizungumzia ni tipa la ekseli mbili lililoletwa nchini likiwa limekwisha kutumika Japani, na hapo ndipo tatizo linapoanza kwa wengi wetu, kwa sababu barabara za maeneo ya theluji ya nchi hiyo humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na gari lililofanya kazi huko huweza kushuka bandarini kwetu likiwa na bodi inayometameta juu na ugonjwa uliokwisha kuota chini. Baada ya hapo linaanza maisha ya Dar es Salaam. Upepo wa bahari hubeba chumvi hata siku isiyo na mvua. Magari yanayopakia samaki Feri hudondosha maji ya barafu yenye chumvi juu ya chesisi zao tangu alfajiri, na ingawa Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, bado yapo magari yanayovuka kwenda Kigamboni kwa pantoni na kukanyaga maji ya bahari pale yanapopanda na kushuka. Wanaobeba chumvi kutoka mashamba ya Kunduchi, au mbolea kutoka bandarini, hawahitaji kuelezwa mengi.

Chumvi haitafuni chuma kwa meno yake. Kutu ni mwenendo wa umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na umeme huo unahitaji maji ya kupitia. Maji yenye chumvi huupitisha kwa urahisi mkubwa kuliko maji matamu, na tena chumvi iliyobaki juu ya chuma huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo chuma huendelea kulowa wakati mwenye gari anaamini kimekauka. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na ndiyo maana kwenye tipa, ambalo mara nyingi huwa na chuma cha pili kilichobanwa ndani ya chesisi kuiongezea nguvu, utaona vyuma viwili vilivyokuwa vimeshikamana vinaanza kuachana na hata ribiti kukatika. Mahali hapo hapafikiwi na brashi wala bomba la kupulizia rangi, na mpako wowote mgumu utakaopakwa juu ya mwanya huo utaufunga mdomo huku unyevu ukiwa umekwisha kuingia.

Kwa majaribio yangu nilinunua kwa wauza skrepa kipande cha chesisi iliyokatwa, chenye kutu ya kawaida, nikakikatisha vipande vinane vya ukubwa wa viganja viwili. Nusu ya kila kipande ilisuguliwa kwa grainda mpaka chuma kikang'aa, na nusu nyingine ilipigwa brashi ya waya tu, kama inavyofanyika katika gereji nyingi. Baada ya kupaka na kuacha kila mpako ukauke kwa muda ulioelekezwa, nilikwaruza alama ya mkasi kwa msumari mpaka kwenye chuma, kisha nikavifunga vipande vyote kwa kamba za nailoni nyuma ya matairi ya nyuma, vikae humo kwa masika mawili, vikipigwa na kokoto, tope na kila kitu kinachoruka barabarani. Si maabara, lakini ndiyo barabara ninayoitumia.

Oili chafu naitaja kwanza kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi na haina gharama. Ni kweli kwamba kwa wiki chache za mwanzo chuma kilichopakwa oili chafu hakikupata kutu, lakini mvua tatu nzito ziliiondoa karibu yote, na iliyobaki ilichanganyika na vumbi ikawa ugoro mweusi unaoshika unyevu. Zaidi ya hayo, mafuta ya injini huvimbisha na kulainisha bushi za mpira ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake, na yanayodondoka huishia mtaroni na kisha mto Msimbazi. Sioni sababu ya kuendelea kulijadili.

Rangi ya lami ndiyo iliyonitia hasara, kwa hiyo nilijitahidi nisiihukumu kwa hasira. Kwenye nusu iliyosuguliwa ikang'aa ilifanya kazi vizuri zaidi ya nilivyotarajia: ilishika, ilinyamazisha kelele za kokoto, na kwa miezi kadhaa sikuona dosari. Gari jipya lenye chuma safi huenda likaishi nayo vyema. Tatizo lilikuwa kwenye nusu yenye kutu, ambako haikushika chuma bali ilishika kutu, na kutu yenyewe haikuwa imeshika kitu. Kadiri jua na joto la ekzosi vilivyoifanya ikakamae, ilipata nyufa nyembamba kama za sahani ya udongo, maji yakaingia humo na kusambaa chini yake kwa siri. Nilipoibandua baada ya masika ya pili, alama ya mkasi niliyoikwaruza ilikuwa imezaa kutu upana wa vidole vitatu kila upande, na kwa juu hakuna kilichoonekana. Weusi wake ulikuwa umemeza kila dalili. Fundi aliyenipakia mara ya kwanza alipitisha bomba juu ya tope na magamba, tena mchana mmoja tu baada ya lori kuoshwa, lakini hata angekuwa makini, bidhaa yenyewe isingenipa njia ya kugundua kosa lake.

Redioksaidi, ile praima nyekundu ya kila duka la rangi kuanzia Gerezani hadi Mwenge, ina sifa isiyostahili. Watu huipaka na kuondoka wakidhani wamemaliza kazi, ilhali ni rangi ya kutangulia tu: ni nyembamba, hupitisha unyevu, na inahitaji rangi ya juu ili ifanye kazi yake. Kipande changu, ambacho nilikiacha makusudi bila rangi ya juu kwa sababu ndivyo malori mengi yanavyoachwa, kilikuwa na madoa kabla ya masika ya kwanza kwisha.

Kuhusu dawa za kubadilisha kutu, zile za majimaji zinazogeuza kutu kuwa nyeusi, nina heshima yenye mipaka. Nyingi zina asidi ya tanini au ya fosfori, ambayo huungana na kutu na kuigeuza kuwa kitu kisichoendelea kula chuma. Hufanya hivyo kwa kutu nyembamba inayoifikia. Magamba mazito hugeuzwa juu tu, na chini hubaki jekundu, kama nilivyoona nilipokikwangua kipande changu kwa wembe. Huzitumia katika vishimo vidogo ambavyo grainda haiingii, na huzifuatisha rangi nyingine juu, baada ya kuosha masalia ya asidi pale kopo linapoelekeza hivyo.

Kundi linalosifiwa sana na wapenzi wa magari ya kale ni rangi ya poliyuretheni inayokauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, na jina linalotajwa mara nyingi ni POR-15 ya Marekani. Kwa jiji lenye hewa nzito kama letu, wazo la rangi inayopenda unyevu linavutia. Kweli inakuwa ngumu kiasi kwamba kokoto hurudi bila kuacha alama, na hushika vizuri zaidi juu ya chuma chenye ukwaruzo au kutu kavu iliyoshikamana kuliko juu ya chuma laini kinachong'aa, ambacho lazima kwanza kikwaruzwe au kitayarishwe kwa dawa yake. Rangi za aina hii haziwezi jua, kwa hiyo sehemu zinazoonekana zinahitaji rangi nyingine juu, na kopo likishafunguliwa, hewa ya Dar es Salaam huanza kulikausha lote. Rangi ikiingia kwenye ukingo wa kifuniko, kesho yake utahitaji tindo. Kipande changu kilifanya vizuri sana upande uliosafishwa. Upande mwingine mpako ulibaki mzima kama ganda la yai, lakini ulibanduka kwa vipande vikubwa pale kutu ya chini ilipoachia. Ni mpako mzuri kwa mwenye subira na bajeti ya makopo madogo madogo.

Zinki inahitaji maelezo zaidi kidogo kwa sababu wauzaji huipenda. Praima yenye zinki nyingi hailindi kwa kufunika tu: chembe za zinki zinapogusana na chuma, zinki huliwa kwanza badala ya chuma, na hata ukikwaruza, jirani anajitolea. Ili hilo litokee, rangi iliyokauka inatakiwa kuwa na zinki nyingi mno, na kiwango cha kimataifa cha ISO 12944 kinataka vumbi la zinki lisipungue asilimia 80 ya uzito wa yabisi ya praima hiyo, yaani kile kinachobaki ikishakauka. Vilevile lazima ikutane na chuma kitupu, kwa kawaida kilichopulizwa mchanga mpaka daraja la Sa 2½, yaani karibu kila doa liwe limeondoka. Juu ya kutu, zinki ni rangi ya kijivu ya bei ghali. Kipande changu kilithibitisha mambo yote mawili kwa uwazi wa kuchekesha: nusu moja alama ya mkasi ilibaki safi kuliko ya vipande vingine vyote, na nusu nyingine ilishindwa hata na redioksaidi. Mwenye lori lililovuliwa bodi, kebini na injini, na mwenye karakana ya kupuliza mchanga karibu naye, aichague bila kusita, aifunike kwa epoksi, na ahakikishe wafanyakazi hawapulizi mchanga wa kawaida ukiwa mkavu na bila kinga, kwani vumbi lake husababisha ugonjwa wa mapafu usiopona. Mimi sikuwa katika hali hiyo. Lori langu linatafuta fedha siku sita za wiki.

Ndipo nikafika kwenye epoksi nzito, ile inayojulikana kama epoksi mastiki, iliyobuniwa kwa ajili ya meli, matangi na madaraja ambayo hayawezi kusafishwa hadi chuma king'ae kila mahali. Kampuni kubwa za rangi za baharini zinazo, kwa mfano Jotun ya Norwei na Jotamastic yake, au Hempel ya Denmark na Hempadur Mastic. Huja katika makopo mawili, rangi na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, na kinachoitofautisha na rangi za kawaida ni kwamba huvumilia chuma kilichosafishwa kwa brashi ya umeme na grainda, mradi kutu yote inayobanduka iwe imeondolewa, na hukubali kupakwa nene bila kuteleza. Kwenye kipande changu, upande uliosafishwa, kutu ilitambaa chini ya alama ya mkasi kwa upana usiozidi ukucha. Upande wenye kutu ulikuwa na malengelenge mawili madogo na michirizi ya kahawia iliyoonekana waziwazi juu ya kijivu. Hapo ndipo niliposhawishika. Malengelenge niliyaona mwezi ule ule yalipoanza, kwa sababu rangi nyepesi husema. Udhaifu wake mkuu, kwamba jua huifanya ipauke na kuwa na unga, hauna maana kubwa chini ya gari.

Kipande cha nane kilipakwa mafuta ya lanolini, yanayotokana na manyoya ya kondoo, kama yale yanayouzwa kwa jina la Fluid Film, na baadaye kwenye lori nikatumia nta ya kupulizia ndani ya matundu ya aina ya Dinitrol. Hizi hazikauki zikawa ganda. Hubaki laini, hutambaa kwa wembamba wa nyufa, huyasukuma maji, na zikikwaruzwa hujirudia kidogo. Upande wenye kutu wa kipande hicho ulipata uharibifu mdogo kuliko ule wa vipande vyote vilivyopakwa rangi ngumu, jambo ambalo sikulitegemea. Hata hivyo, mahali panapopigwa moja kwa moja na maji ya matairi, lanolini iliisha kabla ya mwaka, na vumbi huipenda mno. Kwa hiyo sikuipa chesisi nzima. Niliipa mwanya kati ya vyuma viwili, ndani ya krosmemba, vile vyuma vinavyokatiza kuunganisha pande mbili za chesisi, nyuma ya mikono ya springi na kwenye kila tundu la bolti.

Sasa nizungumzie maji, kwa sababu nusu ya kazi ya kuzuia kutu hufanyika kabla kopo halijafunguliwa, na hapa jiji letu lina mtego wake. Chumvi ikibaki chini ya rangi, hata rangi bora, huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe na kutengeneza malengelenge. Kwa hiyo lori lazima lioshwe vizuri, kwa presha, kuanzia ndani ya mikunjo ya chesisi kwenda nje. Nililipeleka mahali pa kuoshea magari kando ya barabara, vijana wakafanya kazi ya kupendeza kwa saa mbili, na wakati nasubiri nikanawa uso kwenye bomba lao. Maji yaliyoniingia mdomoni yalikuwa na chumvi kama maji ya kupikia ugali wa mgonjwa wa mafua. Kisima chao kilikuwa cha kuchimba, na ukanda wa pwani wa jiji hili una visima vingi vilivyoingiliwa na maji ya bahari. Nilikuwa nimelipa kuisafisha chumvi kwa chumvi. Tangu hapo najaza tangi la lita 1,000 kwa maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanayotoka mto Ruvu, na suuza ya mwisho haifanyiki kwa maji mengine. Anayetaka kupima bila kuonja adondoshe maji kidogo juu ya kioo cheusi na kuyaacha yakauke juani: maji ya chumvi huacha duara jeupe zito.

Baada ya kuosha, tuliliachia lori siku mbili za kukauka, tukagonga chesisi yote kwa nyundo ndogo tukisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti ya kufa. Jambo hili halihusu rangi lakini linatangulia rangi zote: pale unene uliopaswa kuwa milimita sita au zaidi umebaki nusu, hakuna mpako wa kupaka, bali kuna fundi chuma anayejua kwamba chesisi haichomelewi ovyo kwenye mabawa yake ya juu na chini. Kwangu palikuwa na krosmemba moja ya kubadilisha. Mafuta yalifutwa kwa dawa ya kuondoa grisi kabla ya grainda, si baada yake, kwa sababu brashi ya waya huyasambaza mafuta na kuyasugulia ndani ya chuma.

Muda wa kupaka tuliuchagua mwezi wa Agosti. Kanuni ya rangi za viwandani ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Asubuhi za Dar es Salaam mara nyingi hushindwa mtihani huo, chuma kizito kikiwa bado na ubaridi wa usiku. Tulianza saa nne asubuhi na kufunga saa tisa alasiri, siku mbili mfululizo. Fundi rangi, kijana hodari ambaye amezoea rangi za mafuta, alitaka kuchanganya hadina kwa jicho na kuongeza petroli kidogo ili rangi iteleze. Nilimwomba radhi nikaishika kazi ya kuchanganya mwenyewe, nikitumia kikombe cha vipimo: sehemu nne za rangi kwa moja ya hadina, kama karatasi ya bidhaa ile ilivyoelekeza, na tina, yaani kiyeyushi, ya epoksi pekee. Hadina ikizidi au ikipungua, rangi inaweza kukauka kwa macho na kubaki laini milele. Tulichanganya kidogo kidogo, kwani kwa joto letu mchanganyiko huanza kuganda mapema kuliko muda unaotajwa kwa nchi za baridi. Glavu hazina mjadala. Epoksi ikishaizoesha ngozi mzio, mzio hauondoki.

Kabla ya mkono wa kwanza wa rangi tulipitisha brashi ndogo kwenye kingo, vichwa vya ribiti, mishono ya weldi na kuzunguka matundu. Rangi yoyote ikiwa mbichi hukimbia ukingo mkali na kuacha wembamba hapo, na kutu huanzia hapo. Tulifunika kwa gazeti na nailoni propela shafti, kwa kuwa uzito wa rangi unaweza kuivuruga mizani yake, pamoja na paipu za mpira za breki, matundu ya kupumulia ya difu na gia boksi, vali za upepo, nipeli za grisi, na namba ya chesisi, ambayo siku ya ukaguzi itatafutwa. Matundu ya kutolea maji kwenye chesisi yaliachwa wazi. Nimeona lori ambalo mpakaji alikuwa ameyaziba yote kwa unadhifu mkubwa, na chesisi yake ikawa birika.

Kuhusu gharama, lita moja ya epoksi hii ilinigharimu takriban mara nne ya lita ya redioksaidi, lakini kulinganisha kopo kwa kopo ni kujidanganya. Mnunuzi aulizie ujazo wa yabisi, yaani sehemu ya rangi inayobaki baada ya tina kuruka. Rangi yenye yabisi asilimia 80, ikipakwa ikauke kwa unene wa mikroni 125 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), hufunika kinadharia mita za mraba 6.4 kwa lita. Chesisi yangu, ukihesabu ndani na nje ya vyuma viwili vya mita sita pamoja na krosmemba, ina kama mita za mraba 12. Mikono miwili ni karibu lita 3.8, na ukiongeza inayopotea kwenye brashi na makopo, seti ya lita 5 inatosha na kubakiza kidogo. Rangi nyembamba ya bei nafuu ingehitaji mikono mingi kufikia unene huo, na kila mkono ni siku moja ya lori kusimama.

Duka nilikonunua, moja la rangi za meli upande wa Kurasini, nalipatia alama nzuri kwa jambo moja: muuzaji alitoa karatasi ya maelezo ya bidhaa kabla sijaiomba na akaniuliza nitasafisha chuma kwa kutumia kitu gani. Alama ninazompunguza ni kwa kukataa kuuza chini ya seti nzima na kwa kunisomea kwa fahari saa za majaribio ya ukungu wa chumvi. Jaribio hilo, linalofuata kiwango cha ASTM B117, huweka vipande ndani ya sanduku lenye ukungu wa maji ya chumvi asilimia 5 kwa joto la nyuzi 35 bila kupumzika. Halina jua, halina kokoto, halina kukauka na kulowa tena, mambo ambayo chini ya lori ndiyo maisha. Swali lenye faida zaidi ni kama mpako umepimwa kwa mazingira ya daraja la C5 la ISO 12944, ambalo linajumuisha pwani zenye chumvi nyingi, na kwa utayarishaji gani wa chuma.

Baada ya masika ya mwaka huu nililipandisha lori tena. Nta ilikuwa imepungua nyuma ya matairi, kama kawaida yake, na nimeirudia. Kwenye kijivu cha chesisi, upande wa kushoto, chini ya bolti inayoshika madigadi, palikuwa na mchirizi mmoja wa kahawia wenye urefu wa kidole, mwembamba kama chozi. Nililegeza bolti, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikatoka, nikasuuza kwa maji ya DAWASA, na mchana wake nikapima vifuniko vinne vya rangi na kimoja cha hadina kutoka kwenye masalio ya seti ile ile. Bolti ilirudi na nta ndani ya tundu lake. Kazi yote, ukiacha kusubiri kukauka, haikuzidi muda wa chai na chapati mbili.